Bi Katibu na Geti la Raia wa Dunia

Asili ya Bi Katibu sitaieleza, kwa sababu mwenyewe aliieleza kila mara kivyake, kutegemea nani kakaa mbele yake. Akiwa na watu wa Makunduchi alikuwa na bibi wa huko huko. Wakija wageni kutoka Maskati, babu yake ghafla alikuwa mfanyabiashara wa tende. Siku moja nilimsikia akimwambia daktari mmoja wa Kihindi kwamba pua yake, yaani pua ya Bi Katibu, si ya hapa. Mimi nilichokijua ni kwamba alikuwa jirani yetu, kwamba alikaa ghorofa ya pili yenye dirisha linalotazama kichochoro kizima, na kwamba katika kichochoro hicho halikufanyika jambo mpaka yeye aridhie.

Ukatibu aliutoa kazini. Alianza kwa kupiga chapa, akaishia kuwa katibu muhtasi katika ofisi moja ya serikali iliyokuwa ikipokea wageni wa nje. Alipostaafu alirudi nyumbani na cheo chake, na watu wa mtaa, kwa kumwonea haya akikaa bure, wakamtafutia pa kukitumia. Akawa katibu wa kamati ya kichochoro. Mwenyekiti alikuwepo, lakini alikuwa mzee wa kusinzia, na vikao vingi alivihudhuria akiwa amelala. Mali ya kamati ilikuwa masufuria makubwa ya shughuli, mikeka ya maziko, na pampu ya maji iliyofanya kazi ilipojisikia. Kwa mali hiyo Bi Katibu alituendesha kama nchi kubwa zinavyoendesha ndogo, ila yeye alikuwa akitujulia hali tukiumwa.

Siasa ya dunia aliisomea kwenye chai. Miaka yake yote ya kazi meza yake ilikuwa karibu na mlango wa chumba cha mikutano, na kutoka hapo aliona kila ujumbe ukiingia na kutoka. "Mkutanoni usimtazame anayesema," alikuwa akituambia. "Mtazame tarishi, chai anampelekea nani mwanzo." Kwa kipimo hicho alikuwa na historia yake ya ulimwengu, na sijapata kusoma iliyo fupi kuliko hiyo. Kulikuwa na miaka chai ilianzia kwa wataalamu wa Mashariki, wenye mashati ya mikono mifupi, waliokuwa wakitoka jasho kwa nidhamu. Wakaja watu wa mikopo na masharti, chai ikahamia kwao, na biskuti zikaongezwa. Wakaja jamaa wa Ghuba, chai ikawa kahawa na haluwa. Mwisho wakaja wawekezaji, na siku moja chai haikunywewa kabisa. Wageni walikuwa wamekuja na maji yao ya chupa.

"Siku ile ndiyo nlojua mambo yametutoka," alisema. "Mtu aliyekuja na maji yake keshaamua huko alikotoka. Hapa kaja kutuarifu tu."

Redio yake ilikaa dirishani, na kila jioni alizisikiliza taarifa za habari za Kiswahili zinazotoka miji mikuu ya watu, moja baada ya nyingine, na zote alizijibu. Hakuiamini hata moja. Alisema wanambembeleza kwa lugha yake, na lau wangekuwa wakweli wangemtukana kwa lugha yao. Jambo lililomchoma zaidi ya yote ni lile la mataifa matano yenye viti vya kudumu katika baraza la dunia, ambayo moja likikataa basi wote wamekataa. Aliwaita "wale watano", kama mtu anayewataja majirani wa mtaa wa pili.

"Wale watano wamekataa tena!" alikuwa akimpigia kelele mama yangu anayeanika nguo chini.

"Mungu atawaona," mama alijibu, bila ya kujua wamekataa nini.

"Dunia nzima imeitwa kikaoni, mtu mmoja anainua kidole, kikao kimekwisha. Sasa hao wengine waliitiwa nini? Kupiga makofi?"

Wanawake wa kichochoro chetu, ambao wengi wao hawakuwahi kupanda ndege, waliijua habari ya viti vya kudumu kuliko wasomi wengi niliokutana nao baadaye. Walikuwa wakiitumia hata kwenye ugomvi wa nyumbani. Mume akikataa neno bila ya kutoa sababu, aliambiwa ashuke kwenye kiti chake cha kudumu.

Alikuwa mzalendo, hilo halina shaka, lakini taifa lake lilikuwa likipungua. Ujanani, kwa maelezo yake, taifa lilikuwa Afrika nzima. Likaja likawa Tanzania. Nilipopata akili mimi lilikuwa Zanzibar, na Pemba ikiwemo akiwa na furaha. Kisha likawa Unguja, kisha Mji Mkongwe peke yake, na watu wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji huo huo, wakawa wageni waalikwa. Nilipooa nikahamia Mpendae, ambako kwa Vespa ni mwendo wa wimbo mmoja wa taarabu, tena wa zile fupi, alinishika mkono kwa huruma akaniambia, "Usitusahau huko ugenini." Akikasirika sana taifa lilikuwa ni nyumba yake, na ndani ya nyumba, chumba chake.

"Nchi yenye heshima inajitosha," alipenda kusema, na alipenda kulisema wakati akipakua chakula. Mchele ulikuwa wa Pakistan. Kuku alikuwa wa Brazil, kaja na barafu lake. Chai ilimiminwa kutoka chupa ya Kichina na maziwa yalikuwa ya kopo la Wadachi. Siku moja nilijitia ujasiri nikasema, "Bi Katibu, tukiondoa vya watu hapa, tutabaki na nazi na ndimu."

Alinitazama mpaka nikajuta.

"Nnavila," akasema. "Sivipigii saluti."

Lakini sera yake ya nje hasa ilikuwa sahani. Kwetu sahani ya chakula ikitoka nyumba moja kwenda ya pili, hairejeshwi tupu. Utatia ulicho nacho, hata kama ni ndizi mbili au mkono wa sukari, na mwenye sahani hatazami umetia nini, anatazama kwamba umetia. Mwezi wa Ramadhani sahani zinapishana vichochoroni kabla ya adhana kiasi kwamba mtu anaweza kufuturu kwa majirani wote bila ya kuondoka kwake. Bi Katibu alijua kila sahani imetoka wapi na imerudi na nini, na akiudhika na nyumba fulani, aliisimamisha. Mwaka mmoja bwana mmoja wa kona alivuta mpira wa maji kwa siri kutoka pampu ya kamati. Bi Katibu hakugombana naye. Aliwaambia wanawake neno moja tu, na sahani zikaanza kupita mlango wa yule bwana bila ya kusimama, zimefunikwa vizuri, zikinukia. Kumi la mwanzo la mfungo halijaisha, yule bwana alikuja mwenyewe na mpira wake mkononi, kauzungusha kama kamba ya ng'ombe. Bi Katibu aliiita siasa hiyo vikwazo, na akasema tofauti yake na vya wakubwa ni kwamba vyake havimnyimi mtu dawa.

Alifika Kiwengwa mara moja kumzuru mtoto wa binamu yake anayelima mwani, akarudi amefurahi kama aliyekwenda kuhiji. Alikuwa amemuuliza jamaa yake huyo bei ya mwani inapangwa na nani. Akajibiwa kwamba bei inakuja na gari. Na gari linatumwa na nani? Hatujui, na dereva naye hajui.

"Nimeiona serikali ya dunia," alimwambia mama. "Ni gari, na dereva hajui."

Ukimsikiliza haraka ungemdhania mtu mgumu wa moyo. Alikuwa na msimamo kwamba kila nchi ifunge mlango wake na kila mtu akae kwao. Redio ikisema habari za watu wanaovuka bahari kwenda Ulaya na kuzuiwa, alikuwa upande wa wazuiaji. "Kwenye nyumba yangu mie anaingia nimtakaye," alisema. "Na wao hali kadhalika." Nilikuwa nikibishana naye mpaka koo linanikauka. Kisha siku moja redio ikatangaza boti iliyozama na watu wake wote. Nilipopita kwake alasiri nilimkuta amemwita mwalimu wa chuo cha Kurani na wanafunzi wake, wanawasomea wale watu khitma, na mandazi yapo jikoni. Nilimtazama tu. Akajua nataka kusema nini.

"Nilisema wazuiwe," akasema. "Sikusema wazame."

Sasa nifike kwa dada yake, kwa sababu bila ya dada huyo hadithi nzima ingekuwa ya maneno tu. Kichochoro chetu kina midomo miwili. Mmoja unatokea juu, upande wa msikiti na barabara yenye pikipiki. Wa pili unatokea chini, na ukishatoka hapo tu, mlango wa kwanza mkono wa kushoto ndiko alikokaa dada mkubwa wa Bi Katibu. Dada huyu alipata kiharusi akawa wa kitandani. Mchana alikuwa na mjukuu wake, lakini mjukuu alikwenda kazini jioni, na kuanzia hapo zamu ilikuwa ya Bi Katibu. Kila siku baada ya Magharibi alishuka ngazi zake kwa makalio, maana magoti yalishamsaliti, akakamata bakuli la uji lililofunikwa kitambaa, akatoka kwa mdomo wa chini kwenda kumlisha dada yake, kumgeuza na kumsimulia habari za wale watano. Tulimuuliza kwa nini wasikae pamoja. Dada alisema hahamishwi kama kabati. Bi Katibu alisema haachi nyumba yake ikawa chini ya utawala wa mtu. Kila mmoja alikuwa taifa huru, na baina yao kulikuwa na hatua chache na bakuli la uji.

Kwenye mdomo huo huo wa chini, nyumba kubwa ya pembeni ilinunuliwa na Mzungu mmoja akaigeuza hoteli. Sitaitaja nchi yake, kwa sababu mwenyewe alisema hana nchi. Alikuwa raia wa dunia. Aliyasema hayo kwa Kiswahili kizuri cha darasani, na kwenye ukumbi wa hoteli alitundika bendera za mataifa yote, ndogo ndogo, kwenye kamba moja, kama nguo za mtoto. Alikuwa mtu mwema. Alivaa kanzu Idd, na aliwaamkia "shikamoo" watu wote, pamoja na watoto wa chuo, ambao walimjibu "marahaba" kwa furaha kubwa na kumzunguka ili awaamkie tena.

Ramadhani yake ya kwanza Bi Katibu alimpelekea sahani. Ilikuwa sahani ya heshima, yenye sambusa, katlesi na tambi za kukaanga. Asubuhi yake ikarudi. Imeoshwa, inang'ara, ina kikaratasi cha asante, na haina kitu.

Habari ilizunguka kichochoro kabla sahani haijafika kabatini. Mama alijaribu kumtetea. "Labda kwao ndiyo adabu, Bi Katibu. Kaiosha vizuri mno."

"Anasema sisi sote ni familia moja," Bi Katibu alijibu. "Familia gani hiyo isiyokuwa na hata ndizi?"

Akamwekea vikwazo. Sahani haikwenda tena hotelini, siku hiyo wala mwezi ule wote. Vilikuwa vikwazo vyake vya kwanza kushindwa, kwa sababu aliyewekewa hakujua kwamba amewekewa. Aliendelea kutuamkia kwa furaha ile ile. Nilimwona Bi Katibu dirishani akimtazama anavyopita, na kwa mara ya kwanza nilimwona hana la kufanya. Sahani zisizokuja humkera yule tu anayezingojea.

Kisha likaja suala la geti. Wageni wa hoteli walikuwa wanaogopa, mmoja alinyang'anywa mkoba, na mwenye hoteli akataka kutia geti la chuma kwenye mdomo wa chini, lifungwe Magharibi na kufunguliwa asubuhi. Msikiti uko upande wa juu, kwa hivyo sala haikuguswa. Alikuwa kalifikiria hilo vizuri. Ofisi inayohusika ilimwambia wakaazi wakiridhia haina neno, na kuridhia kwa wakaazi kulikuwa ni kuridhia kwa Bi Katibu. Kikao kikaitishwa ukumbini kwake. Nilikwenda kumsindikiza mama.

"Sisi sote ni raia wa dunia," mwenye hoteli alianza. "Geti si la kumzuia mtu. Ni la usalama wetu sote."

"Ahsante," akasema Bi Katibu. "Na hao raia wa dunia, wanakaa upande gani wa geti?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti akazinduka akacheka naye. Nilikuwa nimeketi pale nikiyaona mambo yamesimama kichwa chini. Mtu asiyekuwa na nchi alikuwa akitaka mpaka, na mwanamke aliyetaka dunia nzima ifungwe milango alikuwa akidai njia iwe wazi. Wala hakuna hata mmoja kati yao aliyeliona hilo.

Mzungu alingoja kicheko kiishe. Kisha akasema kwamba hoteli ina kisima chake, na kwamba kwa shukrani atavuta bomba mpaka katikati ya kichochoro. Maji ya bure, usiku na mchana.

Ukumbi ulinyamaza. Lazima mtu awe ameishi kwenye kichochoro chetu kujua ukimya ule ulikuwa wa nini. Maji ya bomba yalikuwa yanakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga, pampu ilikuwa imeshajifia, na wanawake walikuwa wakipandisha ndoo kutoka tangi la mdomo wa juu hadi ghorofa ya tatu. Mama yangu hajapata kusema kikaoni tangu nimjue. Siku ile alisema.

"Mie nataka maji," alisema. "Nisamehe, Bi Katibu. Mgongo wangu haujui siasa."

Bi Katibu aliomba siku chache za kushauriana, ingawa sote tulijua kwamba hana wa kushauriana naye. Jioni ile nilimchukulia bakuli hadi kwa dada yake. Tulipofika kwenye mdomo wa chini, pale ambapo geti lingekaa, alisimama akashika ukuta.

"Nikizunguka kule juu, na ngazi zile na pikipiki," alisema, "uji utafika umeganda na mie ntafika maiti."

"Basi kataa."

"Mamaako atapandisha ndoo mpaka lini?"

Baada ya siku chache alituita tena akatangaza kwamba ameridhia. Alisema hataki iandikwe popote kwamba watu walikosa maji kwa ajili ya mgonjwa wake. Wanawake walimbusu mikono. Mama alilia, na mimi nilijua alichokitoa. Bomba likaja, geti likaja. Siku ya kwanza ya maji watoto waliogeshwa mara mbili mbili, na mama aliosha ngazi zetu zote bila ya sababu.

Haukupita muda mama akasimama dirishani baada ya Magharibi, geti likiwa limeshafungwa, akamwona Bi Katibu anashuka na bakuli lake. Akafika kwenye geti. Akaingiza mkono kifuani, akatoa ufunguo, akafungua, akatoka, akafunga nyuma yake.

"Kumbe," mama aliniambia kwenye simu, taratibu, "kiti cha kudumu anacho mwenyewe."

Hakuna aliyemlaumu kwa kinywa. Nani angemlaumu mtu anayekwenda kumlisha mgonjwa? Lakini hatukuwa tumeambiwa. Fundi viatu wa chini, ambaye karakana yake ilibaki upande wa pili, alikuwa akizunguka mji kila jioni na mguu wake mbovu. Muuza mikate aliacha kuja kabisa jioni. Na mimi niliona uchungu, naukiri, zaidi ya vile jambo lenyewe lilivyostahili. Nilikuwa nimelelewa na maneno ya mwanamke yule. Nikapanda kwake.

"Kwa nini hukuwaombea na wengine?"

Alikuwa akichambua mchele. Hakuinua macho.

"Nilimuomba. Kila nyumba ufunguo mmoja. Akanambia ufunguo ukiwa wa wote, hilo si geti tena." Akatupa kijiwe. "Na mie nilimfahamu, mwanangu. Hilo ndilo lililoniuma. Nilimfahamu mara moja."

"Miaka yote unatusomesha habari za wale watano."

"Naam."

"Sasa?"

"Sasa unadhani wale watano walianzaje?" akasema, na hapo akanitazama. "Kila mmoja ana dada yake wa kumpelekea uji."

Tangu siku ile kila ninaposikia kiongozi wa nchi kubwa akieleza kwa nini hawezi kukubali jambo ambalo ulimwengu wote umelikubali, namuona na bakuli mkononi.

Dada alifariki wakati wa masika. Alitoka nyumbani kwake mchana, jeneza likapitishwa geti likiwa wazi, kwenda msikitini kusaliwa. Mwenye hoteli alikuja kwa kanzu yake akabeba na wenzake, na alilia kweli. Lazima niseme hilo. Bi Katibu hakuwasha redio muda wote wa eda ya huzuni aliyojiwekea mwenyewe. Wale watano wakaendelea na kazi yao bila ya kusimamiwa.

Watu walitarajia ufunguo utarudi. Wengine walisema utundikwe msumarini penye bomba, kila mwenye haja auchukue. Mwenye hoteli aliona haya kuudai, na sisi tuliona haya kuutaja. Kisha tukaanza kusikia kwamba Bi Katibu anashuka vile vile kila Magharibi, safari hii na kigoda, anakaa nyuma ya geti na kumfungulia anayetaka kupita. Fundi viatu alifurahi. Muuza mikate alirudi. Ila kulikuwa na sharti lake: lazima uhojiwe. Mlinzi wa hoteli alinisimulia, akijizuia kucheka, kwamba wageni nao wanahojiwa, na kwamba jioni moja mwenye hoteli mwenyewe alitaka kukatisha kichochoroni akaulizwa anakwenda kwa nani. Alisimama pale anafikiri. Hakuwa na wa kumtaja, akazunguka juu.

Mwezi uliopita nilimletea mama dawa zake. Nilichelewa kutoka Mpendae, nikaegesha Vespa upande wa chini, na nilipofika getini Magharibi ilishapita. Kigoda kilikuwa mahali pake, na yeye juu yake, kanga kajifunga vizuri, mgongo umenyooka kama siku za ofisi.

"Shikamoo, Bi Katibu."

"Marahaba. Unakwenda kwa nani?"

Nilidhani ananitania. Nikamtazama usoni, na uso ulikuwa wa kazini.

"Kwa mama."

"Anajua kama unakuja?"

"Bi Katibu, mie nimezaliwa nyumba ile pale."

"Kila anayefika hapa ana mtu wake ndani," akasema. Kisha akainuka, kwa shida, akishikilia nondo, akatoa ufunguo akanifungulia. Nilipita. Nikamsikia anafunga nyuma yangu, anahakikisha kwa kutikisa.

Ningepaswa kwenda zangu. Lakini nilikumbuka uchungu wangu wa zamani, na nikamwonea huruma vile vile, na mambo hayo mawili yakanitoka kwa pamoja.

"Umpe mwingine huo ufunguo, Bi Katibu. Au mrudishie mwenyewe. Dada keshakwenda zake, Mungu amrehemu. Kapumzike."

Alikaa kwanza. Aliutazama ule ufunguo kiganjani, akautia kifuani.

"Nikiutoa," akaniuliza, na hakuwa akijadili, alikuwa akiuliza kweli, "Magharibi ikiingia mie ntakwenda wapi?"

Nilisimama pale na dawa za mama mkononi. Nje ya geti mtu alikuwa anakuja, na Bi Katibu alishageuka kumuuliza anakwenda kwa nani.